Makabati ya juu au shelfu za wazi? Mpime mtoto kabla ya kumwita fundi

Fedha ya kukarabati nyumba ikishapatikana, jikoni huwa pa kwanza kuzua ubishi. Mama anataka makabati ya juu yenye milango, yapangwe ukutani kutoka kona hadi kona, vyombo vyote visionekane. Baba ameona picha kwenye simu: mbao mbili zimeshikiliwa ukutani na vyuma, sahani zimepangwa juu yake, jiko linaonekana pana na gharama inaonekana ndogo. Fundi seremala akipigiwa simu anauliza jambo moja tu: "Ukuta una urefu gani?"

Katika mazungumzo hayo yote kuna mtu mmoja ambaye hajaulizwa, naye ndiye anayeingia jikoni mara nyingi bila kuitwa. Ni mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne, ambaye kila kilichowekwa juu anataka kujua ni nini.

Ndiyo maana uamuzi wa makabati au shelfu si wa urembo na bei peke yake. Ripoti ya dunia kuhusu kuzuia majeraha kwa watoto, iliyotolewa mwaka 2008 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na UNICEF, ilieleza kuwa zaidi ya watoto 2,000 walikuwa wakifariki kila siku duniani kwa majeraha yasiyokusudiwa. Ilitaja visababishi vikubwa vitano: ajali za barabarani, kuzama majini, kuungua, kuanguka na sumu. Vitatu vya mwisho vyote vina makazi jikoni.

Urefu si ulinzi

Wazazi wengi huchagua makabati ya juu kwa imani kwamba kitu kikiwa juu, mtoto hakifikii. Hesabu ndogo inaonyesha vingine.

Kaunta ya jikoni kwa kawaida ina kimo cha sentimita 90 kutoka sakafuni. Kabati la juu huanzia sentimita 45 hadi 50 juu ya kaunta, yaani kama sentimita 140 kutoka chini. Mtoto wa miaka mitatu ana wastani wa kimo cha sentimita 95, na akinyoosha mkono hufika kama sentimita 110. Akiwa amesimama sakafuni, kweli hafiki.

Lakini akisogeza stuli ya sentimita 45 anafika 155, na mlango wa kabati unafunguka. Akitoka kwenye stuli akapanda kaunta, anafika mita mbili. Hapo hakuna tena kitu cha "juu" katika majiko mengi ya kawaida.

Na kupanda ndiyo kazi ya umri huo. Mtoto wa mwaka mmoja hujivuta asimame kwa kushika chochote kilicho karibu. Wa miaka miwili hupanda kiti. Wa miaka mitatu anajua kukisogeza kiti mpaka mahali anapopataka. Mlango wa kabati usiofungwa kwa ufunguo haumzuii, unamchelewesha tu, huku mzazi akiwa sebuleni ametulia kwa sababu "viko kabatini".

Tatizo hili lina umri mkubwa. Jiko la kisasa la makabati ya kujengewa lina mizizi yake Frankfurt, Ujerumani, ambako msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo la kupimwa kwa hatua mwaka 1926. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa katika nyumba za makazi za mji huo. Kila kitu kilipewa mahali pake, hata unga, mchele na sukari vilikuwa na droo zake zilizoandikwa majina. Moja ya lawama zilizokuja baadaye ni kwamba droo hizo zilikuwa mahali ambapo watoto wadogo waliweza kuzifikia kwa urahisi.

Anza na vya kufungiwa

Kabla ya kuchora jiko jipya, toa kila kitu kilichomo katika jiko la sasa ukiweke mezani au kwenye mkeka. Kisha gawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyoweza kumdhuru mtoto kwa dakika chache: mafuta ya taa, dawa ya madoa ya nguo, magadi makali ya kuzibulia mabomba au kutengenezea sabuni, sumu ya panya, dawa ya mende, viberiti, visu vikali, na dawa za binadamu, zikiwamo za bibi za presha na kisukari na vidonge vya kuongeza damu vya mama mjamzito. Hivi havina mjadala. Vinahitaji mlango, na mlango huo uwe na kitasa cha ufunguo au komeo ambalo mtoto hawezi kulifungua. Shelfu ya wazi haifai kwa fungu hili hata ikiwa karibu na dari.

Dawa za binadamu ni vyema zisikae jikoni kabisa. Joto na mvuke wa kupikia huziharibu mapema, na dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30. Kabati dogo la kufungwa chumbani ni mahali bora zaidi.

Fungu la pili ni vyombo na vyakula vya kila siku: sahani, bakuli, vikombe, sufuria mbili tatu, chumvi, majani ya chai. Fungu la tatu ni vinavyotumika mara chache: hotipoti za wageni, seti ya vikombe vya harusi, sufuria kubwa ya pilau, blenda, mashine ya kusagia nyama.

Ukishayaona mafungu hayo kwa macho, swali la makabati au shelfu linapungua ukubwa. Mara nyingi familia inagundua kwamba inahitaji kabati moja la uhakika lenye kufuli, na kwamba vitu inavyovitumia kila siku havijazi hata shelfu mbili.

Shelfu za wazi zina nini cha kujivunia

Shelfu za wazi zinaonekana kama mtindo mpya wa kwenye picha, lakini pwani na bara vinazijua kwa namna zake. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilikuwa na vidaka, yaani mashimo yaliyotengenezwa ndani ya ukuta, ambamo vyombo vya kaure vilipangwa vikaonekana. Vijijini, kichanja cha vyombo cha miti, kilichosimamishwa uani penye jua, ni shelfu ya wazi ambayo maofisa afya wamekuwa wakiihimiza kwa miaka mingi.

Sababu ya kichanja kupendwa na watu wa afya ni hiyo hiyo inayozipa shelfu nguvu jikoni: hewa. Chombo kilichooshwa vizuri kikaachwa kikauke chenyewe ni salama kuliko kilichofutwa kwa kitambaa cha siku tatu. Na chombo kilichowekwa kabatini kikiwa na majimaji, mlango ukafungwa, huanza kutoa harufu. Kwenye mikoa ya pwani, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, kabati lililobandikwa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua linaweza kuota ukungu kwa ndani bila mtu kujua.

Kuna pia suala la mende. Mende hupenda giza, joto na nafasi nyembamba, na nyuma ya kabati la juu kuna vyote vitatu. Si uchafu tu: vinyesi vya mende na vipande vya miili yao vinajulikana kuamsha pumu kwa watoto wenye tatizo hilo. Kwenye shelfu ya wazi mende hana pa kushinda mchana, na wakianza kuingia utawaona mapema.

Faida ya tatu ni fedha. Kwa ukuta wa mita 2.4, shelfu mbili zenye upana wa sentimita 30 zinatoka kwenye nusu ya karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Makabati ya juu ya urefu huo huo, yenye kimo cha sentimita 70, yanakula karibu karatasi mbili, bila kuhesabu ubao mwembamba wa mgongoni, milango minne, bawaba nane na vishikio. Pwani, ongeza kwamba bawaba za bei rahisi hushika kutu kwa hewa ya chumvi, na mlango uliolegea ni mlango utakaomwangukia mtu.

Lakini moshi na mafuta havisahau

Hapo ndipo shelfu inapoanza kudai. Kila kilichomo juu yake kinapokea vumbi, mvuke na mafuta ya kukaangia. Sahani zinazotumika na kuoshwa kila siku hazipati muda wa kuchafuka. Tatizo ni zile zinazokaa wiki tatu bila kuguswa: zinafunikwa na utando unaonata ambao vumbi hulishika, na siku ya wageni mtu anaanza kuosha upya seti nzima.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: kinachooshwa kila siku kinaweza kukaa wazi, kinachosubiri Idi au Krismasi kikae nyuma ya mlango.

Aina ya nishati nayo ina kauli. Nyumba inayopikia mkaa au kuni ndani itachoka na shelfu za wazi mapema, kwa sababu masizi hutua kwenye kila sahani. Masizi hayo hayo yanaingia pia kwenye mapafu ya watoto. WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Tanzania imejiwekea lengo kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia.

Familia ambayo bado inapikia mkaa na ina fedha ya jambo moja tu mwaka huu, ianze na jiko safi na dirisha kubwa. Makabati yatasubiri. Na yeyote anayeweka makabati asikubali fundi azibe dirisha, hata nusu, ili "apate futi mbili zaidi".

Nani anapika, na mabega yake yana umri gani

Kabati la juu lina kina cha sentimita 30 hadi 35. Sehemu yake ya juu kabisa, kwa mwanamke wa kimo cha kawaida, haifikiwi bila kupanda kitu. Kwa mama mwenye mimba ya miezi saba, au bibi ambaye bega lake halinyanyuki tena, kupanda stuli kufuata bakuli ni safari ya hatari. Dada wa kazi naye huwa binti mfupi kuliko aliyelipima jiko, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Shelfu mbili zilizowekwa kwa kimo cha mtu anayepika hasa zinaondoa safari hizo. Njia ya kupima ni hii: mtu mzima mfupi kuliko wote nyumbani asimame mbele ya kaunta, anyooshe mkono bila kusimama kwa vidole, na alama ya penseli iwekwe ukutani. Hakuna kitu cha kila siku kinachopaswa kukaa juu ya alama hiyo.

Kisha mtoto apewe nafasi yake. Sababu kubwa inayowafanya watoto wapande kaunta ni kwamba kikombe chao na biskuti zao viko huko. Droo moja ya chini, au shelfu moja ya chini mbali na jiko la kupikia, iwe na kikombe chake cha plastiki, sahani yake na kijiko chake. Mtoto ambaye vyake viko chini ana sababu chache za kupanda. Na kamwe usiweke biskuti, pipi au vinywaji vyake kwenye kabati lililo juu ya jiko la kupikia, kwa sababu atakayevifuata atapita juu ya moto na sufuria.

Nafasi hiyo ya juu ya jiko la gesi ina masharti mengine. Kati ya vichomeo na kabati lolote la juu pabaki angalau sentimita 65 hadi 75, au kama kijitabu cha jiko kinavyoelekeza. Shelfu ya mbao hapo haifai, wala taulo za kuning'iniza. Mtungi wa gesi nao usifichwe kwenye kabati la chini lisilo na matundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini ya kabati hilo ikisubiri cheche. Mtungi ukae nje ya nyumba kwenye kizimba chake, bomba liingie ndani.

Uzito na ukuta

Sahani moja ya udongo ya chakula ina uzito wa nusu kilo hivi, nyingine zaidi. Sahani 24 ni kilo 12, na bado hujaweka bakuli, glasi na birika. Uzito huo wote, uwe kwenye kabati au shelfu, unaning'inia juu ya kichwa cha mtu anayekata vitunguu.

Muulize fundi ukuta ni wa tofali gani. Tofali la saruji lililojaa linashika skrubu na fisha vizuri. Tofali lenye matundu, tofali la kuchoma lililochoka, au ukuta uliopigwa lipu nene ya mchanga mwingi, unahitaji bolti ndefu au fremu ya chuma. Baada ya kufunga, fundi aivute shelfu kwa uzito wake mwenyewe mbele yako. Fundi mzuri hatakasirika.

Vizito vyote, yaani sufuria kubwa, kinu, blenda na magaloni ya mafuta ya kula, vikae chini. Hilo halibadiliki kwa makabati wala kwa shelfu.

Wanaopanga nyumba, ambao mwenye nyumba hawaruhusu kutoboa ukuta, mara nyingi hununua kabati la kusimama. Hilo nalo lina hatari yake: mtoto akifungua milango na kupanda shelfu za ndani kama ngazi, linaweza kumlalia. Nchini Marekani, mwaka 2016, makabati ya droo yapatayo milioni 29 yaliondolewa sokoni baada ya watoto kufariki kwa kuangukiwa nayo. Kipande cha chuma na skrubu mbili za kulishika kabati kwenye ukuta ni jambo la kumwomba mwenye nyumba, na matundu mawili huzibwa kwa dakika tano siku ya kuhama. Kwa sumu na dawa, mpangaji atumie sanduku la bati lenye kufuli.

Mbao zenyewe

MDF inapendeza na inapakika rangi vizuri, lakini ikinywa maji huvimba na hairudi. Isikae karibu na sinki bila kingo zake kuzibwa. Mbao za kubandikwa kwa gundi, kama MDF na chipubodi, huweza kutoa gesi ya formaldehaidi, hasa zikiwa mpya. Kemikali hiyo huwasha macho na koo, na imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani. Mtake fundi azibe kila upande uliokatwa, hata usioonekana, na jiko jipya liachwe madirisha wazi kwa siku kadhaa kabla mtoto mchanga hajaanza kushinda humo. Shelfu hutumia mbao kidogo, hivyo ni rahisi kumudu mbao halisi kama mninga au mkongo kwa sehemu hiyo ndogo.

Mtoto akinywa kitu

Hata nyumba yenye kufuli hupata siku ambayo ufunguo umesahauliwa mlangoni. Mtoto akinywa mafuta ya taa au magadi makali, usimtapishe. Mafuta ya taa yakipanda tena huingia mapafuni na kuleta nimonia kali. Magadi yakipanda tena huunguza koo mara ya pili, na jeraha lake linaweza kulifanya koo liwe jembamba maisha yote. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa majirani watakuambia hivyo. Mpeleke haraka kituo cha afya, ukiwa umebeba chupa aliyonywea ili mhudumu ajue anachotibu.

Na usihamishie mafuta ya taa au dawa ya madoa kwenye chupa ya soda au ya maji. Kwa mtoto, chupa ya soda ni soda.

Mpango unaozifaa familia nyingi

Ukuta wa mita 2.4 unaweza kugawanywa hivi. Upande ulio mbali na jiko la kupikia, kabati moja la juu la sentimita 60 lenye kitasa cha ufunguo, kwa ajili ya fungu la kwanza, isipokuwa mafuta ya taa ambayo yakae nje ya jiko, mbali na moto, nayo yakiwa yamefungiwa. Chakula kisichanganywe na vitu vya kabati hilo. Linalofuata, kabati lingine la sentimita 60 la vyombo vya wageni. Sentimita 120 zilizobaki, zilizo karibu na sinki, ziwe shelfu mbili za wazi chini ya alama ya penseli, kwa vyombo vya kila siku. Unga, mchele na karanga vikae kwenye makopo yenye vifuniko, mahali pakavu, kwa sababu unyevu huleta fangasi, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Chini ya kaunta, vizito, pamoja na droo moja ya mtoto.

Mpango huo ukishachorwa, mtoto aletwe jikoni na apandishwe kwenye stuli ndefu kuliko zote nyumbani, mzazi akiwa amemshika. Anyooshe mkono, alama ya pili iwekwe. Kisha ipigwe ya tatu kwa kimo atakachofika akiwa juu ya kaunta. Kila kitu kilicho chini ya alama hiyo ya tatu, na kinachoweza kumdhuru, kipewe ufunguo. Baada ya hapo ndipo fundi aulizwe bei.